UZI: Mtu akipungua kilo, vitu gani asivyovitarajia vinabadilika? Mafundi na waganga wa Bukavu, karibuni

Muuguzi wa Bagira

Wakubwa kwa wadogo, salamu.

Mtu akipungua kilo kumi na tano, watu wote wanamtazama tumbo na mashavu. Yeye mwenyewe anashangaa vitu vingine kabisa. Benchi ya kanisa inamuuma kabla padri hajamaliza mahubiri, pete inabaki ndani ya beseni ya kufulia, maji ya kuoga yaliyokuwa sawa mwaka jana sasa ni barafu, akiinuka kitandani kichwa kinazunguka. Sababu ni moja: kila kitu alicho nacho kilipimwa kwa mwili wa zamani. Nguo, pete, godoro, dozi ya vidonge, hata jile la kupandia mashua, lile koti la kuelea majini.

Naomba uzi huu uwe wa kazi. Kila mwenye ufundi aandike anachokijua, na vipimo vyake, na kinachoharibika watu wakikosea. Habari za "mimi nilikuwa kilo mia" zina nyuzi zake, tusizilete hapa.

Naanza na mifupa, kwa sababu ndiyo inayoleta watu mbio kwenye santa ya afya. Mafuta ya chini ya ngozi yakiondoka, mkono unakuta vitu vilivyokuwepo tangu kuzaliwa. Kinachotisha kuliko vyote ni kijifupa cha mwisho wa kidari, katikati kabisa, pale mbavu za kushoto na kulia zinapokutana juu ya tumbo. Ni kigumu, kina ncha, kwa wengine kimepinda kuja nje, ukikibonyeza kinauma kidogo. Mtu anakikuta usiku, asubuhi amekwisha kuwaambia ndugu zake kwamba ana uvimbe. Ni sehemu ya kidari tu, kila mtu anayo. Vilevile akilala chali anahisi kitu kinapigapiga juu ya kitovu: ni mshipa mkubwa wa damu unaoteremka mbele ya uti wa mgongo, kwa mtu mwembamba unaonekana hata kwa macho.

Namna ya kujipima nyumbani: gusa upande wa pili. Mfupa wa kawaida, usio wa katikati, una ndugu yake upande mwingine, mahali palepale, ukubwa uleule. Kinundu cha upande mmoja, kigumu, kisichosogea, kinachokua wiki hadi wiki, au kilichokaa juu ya mtulinga, hicho kisingoje. Na mzee wa miaka sitini na zaidi, hasa aliyevuta sigara, akihisi kitu kipana kinachodunda tumboni, aende apimwe.

Baridi nayo ina mambo mawili. La kwanza kila mtu analijua, blanketi la mafuta limepungua. La pili halisemwi: mwili uliopungua unachoma chakula kidogo, kwa hiyo jiko lenyewe la ndani limepunguzwa moto. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na jioni kunapoa. Vidole na miguu vinatangulia kupoa. Soksi na fulana ya ndani vinasaidia kuliko koti moja zito. Lakini baridi inayokuja pamoja na uchovu mkubwa, kukosa choo na uso kuvimba ni ya kupimwa tezi ya shingoni, na baridi ya mtu aliyepauka ni ya kupimwa damu.

---

Fundi Kadutu

Asanti muuguzi. Upande wa mashini naleta hesabu, kwa sababu hapo ndipo nguo nyingi zinaharibika.

Tuseme kiuno kimepungua sentimeta 8. Mishono ya ubavu ni miwili, na kila mshono umeshika vipande viwili vya kitambaa, cha mbele na cha nyuma. Kwa hiyo 8 inagawanywa kwa 4: kila kipande kinaingia sm 2. Mwanafunzi anayegawanya kwa 2 anaingiza sm 4 kila kipande, nguo inapungua sm 16, na mama wa watu haimpiti hata kichwani. Weka alama kwa chaki nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, piga mshono wa mkono kwanza, mteja aivae, akae, ainue mikono, ndipo mashini ifuate.

Ubavu unatosha kwa kiuno na nyonga. Bega ni jambo lingine. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiwa umeteremka zaidi ya sm 1.5 upande wa mkono, kubana ubavu hakutarekebisha kitu, nguo itaendelea kukaa kama imeanikwa kwenye kiti. Lazima mkono wa nguo utolewe wote, kwapa likatwe upya, na kichwa cha mkono, yaani upinde wake wa juu, nacho kipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Fundi akikata kwapa akasahau kichwa cha mkono, bega linajaa mikunjo. Kazi hiyo inakaribia bei ya kushona libaya (blauzi) jipya, na mteja ana haki ya kuambiwa kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Suruali ya mwanaume inapunguzwa kwenye mshono wa katikati nyuma. Mpaka sm 5 haina tatizo. Ukizidisha hapo, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakuwa kama macho ya bundi, na mshono wa kati ya miguu unavuta. Zaidi ya sm 5 fungua mkanda wote wa kiunoni na ugawe upunguzaji kati ya nyuma na ubavu.

Sasa jambo ambalo wanasahau wote: ziada usiikate. Ikunje upande wa nyuma, ishike kwa mshono mrefu wa milimeta 4. Kilo zina tabia ya kurudi, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Ila mjue kwamba kitenge kilichofuliwa mara nyingi kimefifia upande wa nje. Ile sehemu iliyojificha ndani ya mshono bado ina rangi kali. Siku ya kuachia, mstari utaonekana. Kwenye satini na ngozi matundu ya sindano ya zamani hayafutiki. Kwenye kitenge cha pamba yanajifunga ukilowesha na kupiga pasi.

Na wanaotafuta mizani ya bure: kikwembe, kitenge cha kujifunga. Kimoja ni yadi mbili, yaani sm 183. Nyonga za sm 120 zikifungwa, ncha inabakiza sm 63 za kujizungushia. Nyonga zikifika 104, zinabaki 79. Mwanamke anayefunga kila siku anaona ncha imehama kutoka ubavuni kwenda nyuma, wiki kadhaa kabla mtu mwingine hajaona kitu.

---

Kiongozi wa Nguba

Fundi, na mapajani je? Wateja wanasema suruali zao zinadumu zaidi siku hizi.

---

Fundi Kadutu

Ni kweli. Suruali ya mtu mzito inakufa ndani ya mapaja, kitambaa kinasuguana mpaka kinakuwa chandarua. Mapaja yakiachana, suruali hiyohiyo inakufa magotini au chini kwenye pindo, tena baada ya muda mrefu. Ngozi yenyewe inapona pia, ule weusi na mikwaruzo ya kutembea juani. Si habari njema kwangu kibiashara.

---

Sonara mdogo

Pete. Zinapotea sana kwa njia ileile: maji baridi na sabuni. Kidole kinanywea kwenye baridi, sabuni inateleza, mtu anakung'uta mkono. Anayefua ziwani aivue kabla hajateremka, basi.

Kupima kidole: kata ukanda wa karatasi wa milimeta 4, zungusha, weka alama, upime kwa rula. Milimeta za mzunguko wa ndani ndizo namba yenyewe. Mm 54 ni namba 54, na upana wake ni mm 17.2. Pima jioni, mkono ukiwa na joto. Ukipima asubuhi na baridi utapata pete ya kubana mchana. Na upime kifundo cha kidole vilevile, maana mafuta yanaondoka chini ya kifundo lakini kifundo ni mfupa, hakipungui. Ndiyo sababu pete inacheza chini lakini bado inagoma kupita. Hapo chagua namba ya katikati.

Kupunguza kutoka 58 hadi 55 ni kukata kipande cha karibu mm 3 upande wa kiganjani, kuunganisha, kulehemu na kusafisha. Mdai fundi akurudishie kile kipande au akipunguze kwenye bei, dhahabu ni dhahabu. Pete yenye jiwe isipunguzwe namba nyingi kwa mara moja: duara linakunjika zaidi, vidole vya chuma vinavyoshika jiwe vinafunguka, jiwe linadondoka mwezi wa pili na sonara ndiye anaitwa mwizi. Iliyozungushiwa mawe pande zote haipunguzwi kabisa.

Kuzungusha uzi ni kwa siku chache. Uzi unahifadhi maji na sabuni, ngozi chini yake inavimba na kuwasha. Afadhali pete nyembamba inayobana ivaliwe mbele yake kama mlinzi.

---

Mama Lishe

Watu wanauliza sana mafuta yanakwenda wapi. Wengi wanajibu jasho, au choo. Jibu ni pumzi. Kilo 10 za mafuta zikichomwa, kilo 8.4 zinatoka mdomoni na puani kama hewa ya kaboni, na kilo 1.6 ndizo zinakuwa maji. Kwa hiyo wale wanaojifunga plastiki tumboni na kupanda milima ya Kadutu saa sita mchana wanapoteza maji tu. Wakinywa, mizani inarudi palepale. Kiharusi cha joto ndicho faida pekee wanayoweza kuipata.

Jambo la pili linalowashangaza: chakula kilichowapunguza mwanzoni kinaacha kuwapunguza. Si uchawi. Mwili mdogo unatumia kidogo. Kwa kila kilo iliyoondoka, matumizi ya siku yanashuka kwa kalori kama 20 hadi 25. Aliyepungua kilo 20 anahitaji kalori 400 hadi 500 pungufu kila siku ili abaki alipo. Kwa jikoni kwetu: unga wa bugali (ugali) gramu 115 hadi 140, au vijiko vinne vikubwa vya mawese, maana kijiko kimoja ni kama kalori 120. Wakati huohuo njaa inapanda. Hapo ndipo wengi wanarudia, si kwa uvivu.

Tatu, nywele. Zinadondoka kwa mafungu kitanani miezi miwili au mitatu baada ya kupungua haraka, wakati mtu amesahau kwamba alijinyima. Analaumu mafuta ya nywele, au mtu aliyemsuka. Nywele ziliingia likizo siku ile chakula kilipokatwa, na zinaanguka sasa. Nyingi zinaota tena ndani ya miezi sita ikiwa mtu anakula protini na madini ya chuma. Na hapa tuseme wazi: unga wa muhogo karibu hauna protini. Mtu anayepunguza kwa kuondoa nyama na samaki na kubakiza bugali na sombe (majani ya muhogo) anapoteza misuli na nywele pamoja na mafuta. Sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, gramu 50 zinatoa protini ya karibu gramu 30, na bei yake si ya tajiri. Maharagi pia. Chai msinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kisiingie; ingojeni saa moja. Limau au chungwa kinasaidia kiingie.

Mwendo mzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayezidi kilo moja na nusu kila wiki anajiongezea hatari ya vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Dalili yake ni maumivu chini ya mbavu za kulia, yanayokuja baada ya chakula chenye mafuta, yanapanda mpaka bega la kulia. Yakija na homa au macho ya manjano, ni hospitali siku hiyohiyo.

---

Baba Kaunta

Naongeza la pombe. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye alkoli asilimia 5 ina alkoli karibu gramu 28. Ukigawanya kwa kilo za mtu, yule wa 95 akishuka hadi 75 chupa ileile inampata kwa nguvu zaidi kwa robo na kitu. Kwenye kaunta hilo linaonekana: mteja wa chupa nne analala kwenye ya tatu.

---

Mama Lishe

Baba, unachokiona ni kweli ila hesabu imezidi. Pombe inasambaa ndani ya maji ya mwili, na mafuta yana maji kidogo sana. Kilo 20 zilizoondoka, tuseme 15 ni mafuta na 5 ni misuli na vitu vingine. Maji yaliyopotea hayafiki lita tano, kwa mtu aliyekuwa na lita kama 45. Ni sehemu moja ya kumi, si robo. Kinachomlaza kwenye chupa ya tatu ni kwamba sasa anakunywa tumbo tupu. Zamani alikuja ameshiba bugali. Chakula ndicho kinachochelewesha pombe kuingia kwenye damu. Mpe mishikaki kwanza.

---

Baba Kaunta

Aya. Nitauza mishikaki.

---

Mukaaji wa Cimpunda

Naliza: juu ya nini mutu akipunguka kidogo tu anapanda mulima bila kupumzika? Kilo tano haziko mingi.

---

Mkanda wa magoti (mazoezi ya viungo)

Haziko mingi kwa mizani, ni mingi kwa goti. Wakati wa kutembea, kila kilo ya mwili inalibebesha goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Aliyepungua kilo 5 amelipunguzia goti kama kilo 20 kila hatua, yaani bidoni (dumu) moja ya njano ya lita 20 iliyojaa maji. Kwa mji wetu huu wa kupanda na kushuka, hatua elfu moja ni tani ishirini.

Linaloharibika: mtu anasikia wepesi, anaanza kukimbia mteremko. Kushuka kunauma goti kuliko kupanda, na misuli ya paja mara nyingi imepungua pamoja na mafuta. Aimarishe paja kwanza. Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Goti lisiingie ndani wakati wa kuinuka. Mteremko ashuke hatua fupi.

Kuhusu benchi aliyoitaja muuguzi: kuna mifupa miwili ya kukalia, ncha zake zimeelekea chini. Mto wake wa asili ukiondoka, ubao unaigusa moja kwa moja. Kikwembe kilichokunjwa mara nne kinatosha. Kulala ubavu nako nyonga na magoti vinagongana, weka mto mdogo katikati ya magoti. Godoro gumu lililonunuliwa kwa mtu wa kilo 100 halizami tena chini ya mtu wa 75. Kabla hujanunua jingine, tandika blanketi zito juu yake wiki mbili uone.

---

Muuguzi wa Bagira

Narudi kwa vidonge, maana hili ndilo la hatari kuliko yote na watu wanalipita.

Tansio (shinikizo la damu) inashuka karibu pointi moja ya namba ya juu kwa kila kilo. Aliyekuwa anameza dawa za tansio akipungua kilo 12 anaweza kujikuta dozi yake ya zamani ni kubwa mno. Dalili: kizunguzungu akiinuka, macho kuwa giza. Apimwe mara mbili: amekaa na kupumzika dakika tano, halafu dakika moja baada ya kusimama. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, amwone daktari apunguziwe. Asiache mwenyewe, dawa nyingine za tansio zikikatwa ghafla moyo unakwenda mbio na tansio inaruka.

Na angalieni brasari, ule mkanda wa kuzungushia mkono. Mkono wa sm 35 hadi 44 unataka brasari kubwa. Ukipungua ukaingia kati ya 27 na 34, unataka ya kawaida. Brasari ndogo kwa mkono mnene inatoa namba ya juu kuliko ukweli, kubwa kwa mkono mwembamba inatoa ya chini. Mtu aliyebadilishiwa mwili bila kubadilishiwa brasari anatibiwa kwa namba ya uongo. Muulizeni anayewapima, si ufidhuli.

Wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi ndio wa kuangaliwa zaidi. Kula kidogo na dozi ileile kunashusha sukari: jasho baridi, kutetemeka, njaa kali, kuongea ovyo. Akiwa na fahamu apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apimwe tena, kisha ale. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe. Na kabla ya kuanza kupunguza chakula, amwone anayemwandikia dawa. Si baada.

---

Mkunga wa Panzi

Kwa akina mama naongeza mawili tu, lakini ni makubwa.

La kwanza ni mimba. Mwanamke mzito ambaye hedhi yake ilikuwa inaruka miezi, akipungua asilimia 5 hadi 10 tu, mayai yanaweza kuanza kupevuka tena. Kwa wa kilo 90 hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa. Miaka sita ameambiwa "hauzai", hatumii njia yoyote, na mwezi wa nne wa kupunguza anafikiri kichefuchefu ni cha njaa. Anayetaka mtoto, heri. Asiyetaka, apange uzazi tangu wiki ya kwanza. Kinyume chake pia kipo: anayejinyima mno, hedhi inakatika. Ikikosekana miezi mitatu na si mimba, chakula ni kidogo mno au kuna shida nyingine.

La pili ni mkojo unaochuruzika ukikohoa, ukicheka au ukiinua bidoni. Mama zetu wanaliona ni kawaida ya kuzaa, wananyamaza. Tumbo zito linakandamiza kibofu. Kupungua karibu asilimia 8 ya uzito kumeonekana kupunguza kuchuruzika huko karibu nusu kwa wanawake wanene. Kuna ambao hawajui kwamba vimekwenda pamoja.

---

Kiongozi wa Nguba

Na kukoroma. Wake za watu wanashukuru.

---

Mukaaji wa Cimpunda

Swali lingine. Huku mutu akikonda banasema ni mugonjwa, ao bwana anamutesa. Utajuaje kama ni ya kupunguka kwa kutaka ao ni ugonjwa kweli?

---

Muuguzi wa Bagira

Ndugu, maneno ya watu hayapimwi, kilo zinapimwa. Aliyebadilisha chakula na mwendo anajua alichofanya na mizani inamfuata. Aliyepoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kufanya lolote, yaani kilo tatu na nusu kwa mtu wa 70, apimwe. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, jasho la usiku, homa za jioni: makohozi ya kifua kikuu. Kiu, kukojoa usiku na kukonda huku anakula sana: sukari. Mikono kutetemeka, moyo mbio, joto lisilovumilika: tezi ya shingoni. Kipimo cha VIH (virusi vya UKIMWI) kifanywe bila kungoja majirani waanze kuhesabu.

Hata anayepungua kwa kutaka, kilo zikiendelea kushuka baada ya kurudia chakula chake cha kawaida, aje.

---

Motari wa Essence

Kwa sisi wa moto (pikipiki): amortiseri (shokabzoba) za nyuma zina kola yenye vidato, mara nyingi vitano. Dereva mzito anakaza mpaka cha nne au cha tano ili moto isigonge chini. Akipungua kilo 20 na kubeba abiria mmoja tu, resori (springi) inakuwa ngumu, kila shimo linampanda mgongoni na gurudumu la nyuma linaruka kwenye mawe. Ateremshe kidato kimoja kimoja kwa ufunguo wa ndoano, kushoto na kulia sawasawa. Vidato vikitofautiana moto inavuta upande mmoja kwenye kona. Upepo wa tairi abaki na namba ya lebo, asipunguze kwa kuwa amekonda.

---

Nahodha wa Kivu

Muuguzi alitaja jile, hakuna aliyelirudia. Abiria wengi wa Goma wanalivaa kama koti la mvua.

Mafuta yanaelea kwenye maji, misuli na mifupa vinazama. Aliyepungua anaelea vibaya kuliko zamani, na maji ya Kivu si ya chumvi, hayamsaidii. Asijipime kwa kumbukumbu za utoto wake alipoelea bila kutikisika.

Jile lina lebo ya kilo, soma. La mtu wa 100 likivaliwa na wa 70, ndani ya maji linapanda peke yake, linafunika mdomo na pua, na mtu anateleza kutoka chini. Jaribio ni la nusu dakika: funga mikanda yote kuanzia ya chini, inua mikono juu, mwenzako alivute jile kwenye mabega kwenda juu. Likifika masikioni au kidevuni, halifai. Kaza, jaribu tena. Likipanda bado, omba dogo kabla mashua haijatoka gatini. Wenye ule mkanda wa kupita kati ya miguu waufunge, hata kama unawaonea haya.

---

Mama wa Nyalukemba

Fundi Kadutu, la mwisho. Bibi harusi bado anapungua, harusi iko wiki sita mbele. Nguo ishonwe sasa au ingojwe?

---

Fundi Kadutu

Ishonwe sasa, mama, ila isifungwe. Mabega na shingo vipimwe na kukamilishwa leo, havitabadilika sana kwa wiki sita. Ubavuni iachwe akiba ya sm 3 kila kipande. Mshono wa katikati nyuma ubaki wa mkono mpaka siku tano kabla ya harusi; hapo bibi harusi aje na viatu vya siku hiyo na sidiria atakayovaa, ya namba mpya, si ile ya zamani. Sidiria kubwa inateremsha kifua sm 2 au 3 na mikunjo yote ya kifuani inakaa mahali pasipo pake. Zipu iwe ya nyuma. Ya ubavuni inamfungia fundi mlango wa kupunguza.